Bata Ndani ya Spika

"Bata wako ameingia tena kwenye spika yangu!"

"Mimi sifugi bata, mama."

"Hufugi? Njoo umsikie basi! Mteja wangu kakaa zake kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, tunasikiliza muziki kwa raha zetu, mara kwaa-kwaa-kwaa! Mteja karuka, uzi umekatikia mkononi mwangu. Mteja huyu akihamia kwa mwingine, nani atanirudishia? Wewe, au bata?"

"Na draya yako je? Ukiiwasha tu, redio yangu inanguruma kama mtu anakaanga kokoto. Mimi nimewahi kukupigia kelele?"

"Umewahi! Ulikuja hapa umevaa kandambili mbili zisizojuana, ukasimama mlangoni kwangu unanifundisha namna ya kukausha nywele za watu!"

Ukuta uliokuwa kati yao ulikuwa mrefu kuliko wote wawili, kwa hiyo waligombana sauti bila sura, kila mtu akiwa uani kwake, akiwatolea macho matofali. Upande huu alikuwa fundi wa majokofu, ambaye mtaa mzima ulimwita Masafa. Upande ule alikuwa msusi, mwenye saluni ya vioo viwili na spika moja kubwa kama kabati la vyombo. Nyumba zote mbili zilikuwa za bibi mmoja, na sasa msusi akamtaja huyo bibi.

"Basi maneno yameisha. Bibi anakuja leo saa kumi na moja. Nimeshamweleza. Atakaa kwenye kiti changu, nitafungulia spika, na wewe utaongea na hiyo redio yako. Bata akilia, waya wako wa redio unashuka na haupandi tena. Kasema mwenyewe kwa kinywa chake."

Hilo Masafa hakulitegemea.

Jina la Masafa hakupewa kwa kusafiri, kwa sababu safari yake ndefu kwa wiki ilikuwa kwenda kwa muuza vipuri. Alipewa kwa sababu ya redio. Masafa alikuwa mmoja wa wale watu wa redio ya ridhaa, watu wenye leseni ya kuongea hewani kwa mapenzi tu, bila kutangaza habari wala kuuza sabuni. Kila siku saa kumi alasiri, akishanawa grisi ya majokofu, aliketi mbele ya redio yake chumbani na kukutana na wenzake kwenye masafa yao, mmoja yuko huku, mwingine kule, wengine wako mbali hata jua lao halikuzama pamoja na lake. Walikuwa na kijiwe chao hewani kama watu wengine walivyo na kijiwe cha kahawa. Na walichoongea, ukiwasikiliza, kilikuwa ni antena, kebo, kisha antena tena. Waya ule ukishuka, kijiwe kimekufa kwake. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ua mdogo, pengine pa kuutundika hapakuwepo.

Aliingia ndani akakuta mkewe anachagua maharage.

"Umesikia?"

"Nani hajasikia? Hata anayepita barabarani amesimama amesikiliza, kisha akaendelea na safari yake."

"Wanataka kushusha antena yangu, mke wangu."

"Hiyo antena nayo imezidi. Siku hizi asubuhi inaumwa, mchana nafuu, Jumamosi ndiyo hoi kabisa. Mimi mkeo hujawahi kuniuguza hivyo."

Na kweli antena ilikuwa inaumwa, tangu upepo mkubwa uliong'oa mabati ya watu. Ilikuwa ni waya mmoja mrefu wenye mikono miwili. Katikati ulishikwa na bomba refu lililofungwa kwenye ukuta wa nyumba, na hapo ndipo kebo ilipopanda kutoka kwenye redio kuulisha nguvu. Mkono mmoja ulinyooka juu ya ua wa Masafa. Mkono wa pili ulipanda bati, ukavuka mgongo wa paa na kuteremkia upande wa msusi, ambako mwisho wake ulifungwa kwenye nguzo ya tangi la maji, kwa ruhusa, enzi hizo bado wanasalimiana.

Baada ya upepo, Masafa aliwasha redio, akatazama mita. Ile mita ina sindano: sindano ikilala, nguvu yote inakwenda angani, ikisimama, nguvu inakwenda juu na kurudi nyumbani kama mtoto mtoro. Sindano ililala. Masafa akamshukuru Mungu, na wala hakutoka nje kuangalia. Kesho yake asubuhi ikasimama wima. Mchana ikalala. Na hivyo hivyo, wiki mbili.

Kijiweni hewani hawakuwa na mazungumzo mengine. Dereva wa lori, aliyekuwa akiongea nao kwa kiantena cha urefu wa fimbo kilichofungwa kwenye kioo cha pembeni, alisema tatizo ni kebo. "Kebo yako imekunywa maji, ndugu yangu. Imekunywa kuliko mjomba wangu harusini. Ikamue!" Shangazi, mkunga mstaafu ambaye hakuwa shangazi wa damu wa yeyote kati yao lakini aliwagombeza wote, alisema ni solda, ile risasi inayoyeyushwa kuunga waya. "Hiyo si solda, ni uji. Umeumwaga pale juu ukadhani umeunga." Masafa mwenyewe alikuwa na elimu yake kuhusu jua na tabaka za angani, akaieleza kila alasiri kwa kirefu, mpaka Dereva akasema hewani kwamba jua limeomba apumzike.

Leo aliwapigia simu wote wawili. Shangazi akaja kwa miguu na mkoba wake wa kikunga, ndani yake hakuna tena chombo cha kuzalishia, ni koleo na tepu tupu. Dereva akaegesha lori mtaani, akashuka na kebo mpya begani. Mke wa Masafa, aliyezoea kumsikia redioni akinguruma kama simba, alimtazama mtu mfupi, mwembamba, mpole, akatazama na nyuma yake kama kuna mwingine anakuja.

"Wewe ndiye Dereva?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Basi redio inanenepesha."

Kazi ikaanza, na maneno pia. Dereva akapanda ngazi mpaka kwenye bomba, akaweka pua yake kwenye maungio.

"Nani alifunga hapa? Fundi wa majokofu au mama ntilie?"

"Shuka kama huwezi," alisema Masafa akishika ngazi.

"Nimeona viota vya ndege vimefungwa vizuri kuliko hivi."

"Wewe mwenye antena ya fimbo usinene," alisema Shangazi kutoka chini. "Mtu mzima unaongea na ulimwengu kwa kijiti cha kuchokolea meno."

"Kijiti changu kinafika, Shangazi."

"Kinafika wapi? Mara ya mwisho uliniita ukiwa nje ya geti langu, na bado nilikusikia vizuri zaidi kwa dirishani."

Masafa alicheka mpaka ngazi ikatikisika, halafu akakumbuka saa kumi na moja, kicheko kikamkauka.

Wakaunga upya kwa solda ya Shangazi. Wakatoa kebo ya zamani, wakaikata ili waone maji yaliyonywewa. Ilikuwa kavu kama biskuti. Dereva akaikung'uta hata hivyo, kwa heshima ya maneno yake. Wakafunga kebo mpya, kisha Shangazi akaagiza sehemu yake iviringishwe mizunguko kadhaa kwenye kopo la rangi karibu na maungio, ili nguvu isirudi kwa nje ya kebo na kutembea nyumba za watu. Haya yote waliyafanya wakitazama juu, shingo zimepinda kama mabomba ya sinki. Mtu wa redio akishaona solda na kebo hana macho ya kitu kingine. Hakuna aliyeuliza ule mkono wa pili, baada ya kuvuka paa, ulikwenda kulala wapi.

Wakaingia chumbani. Masafa akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. Sindano ikasimama wima.

"Haiwezekani," alisema Dereva.

"Jumamosi," alisema Masafa kinyonge. "Niliwaambia, Jumamosi ndiyo mbaya zaidi. Nimefikiri labda jua siku za mapumziko..."

"Jua lina mapumziko?" aliuliza mkewe kutoka jikoni.

"Endelea kuongea," alisema Shangazi, ameinamia mita kama aliyekuwa akiinamia tumbo la mzazi. "Usisimame."

Masafa akaongea. Akaita, akasema anajaribu, akasema yeyote anayemsikia amjibu. Ng'ambo ya ukuta, spika ikalia kwaa-kwaa-kwaa. Na hapo sindano ikashuka kidogo. Yenyewe. Ikatulia, ikashuka tena.

"Umegusa kitu?"

"Sijagusa!"

Kwaa-kwaa. Kisha upande wa pili zikasikika sauti ndogo, tang, tang, za vibanio vya nguo vikidondoka kwenye beseni. Sindano ikashuka. Tang, tang. Ikashuka. Halafu ikapaa sauti ya msusi mwenyewe: "Ai! Limeniuma tena! Taulo gani hili lina meno?"

Shangazi akainua mkono. "Nyamaza."

Masafa akanyamaza.

"Ongea."

Akaongea. "Ai!" ikasikika kutoka ng'ambo.

Shangazi alichukua mkoba wake, akatoka getini, akazunguka kona na kuingia uani kwa msusi, njia ya hatua chache ambayo Masafa hakuwa ameipita tangu ugomvi wa draya. Kisha kikaja kicheko, kicheko cha mwanamke mzima aliyeshika mbavu, na katikati yake neno moja moja: "Masafa... njoo... mwone... mgonjwa wako!"

Wakakimbia wote, hata mkewe na mwiko wake.

Ua wa msusi ulikuwa safi, umefagiwa, na katikati yake antena ya Masafa ilikuwa imeanikwa mataulo. Si mataulo mawili matatu. Ni mataulo ya saluni nzima ya Jumamosi, meupe na ya bluu, mengine yanachuruzika maji, yamebanwa kwa vibanio barabara kwenye ule mkono wa pili, ambao ulikuwa umeng'oka kwenye nguzo ya tangi, ukateremka kutoka kwenye bati na kukazwa vizuri kabisa kwenye nondo za dirisha la saluni. Ndani ya dirisha hilo, mgongo kwa mgongo na nondo, ilikaa spika.

Msusi alisimama na taulo mkononi, anawatazama wanavyotazama.

"Mnacheka nini? Hamjaona watu wakianika?"

"Mama," alisema Masafa polepole, "huo waya umeutoa wapi?"

"Nimeutoa wapi? Si umeniletea mwenyewe?"

"Mimi?"

"Sasa nani? Siku ya upepo kamba yangu ilikatika. Asubuhi nakuta waya mpya unaning'inia uani kwangu, mzuri, unang'aa. Nikasema, lo, jirani huyu kumbe ana utu, kaniona nimekatikiwa na kamba kaniletea nyingine bila hata kujitangaza. Nikauvuta, nikaufunga dirishani. Nikasema kesho nitakwenda kumshukuru. Kesho yenyewe ndiyo ukaja na kandambili zako kunisema kuhusu draya. Shukrani ikanitoka yote."

Dereva alikuwa ameketi chini, kwenye ndoo, anafuta machozi. "Asubuhi taulo mbichi, sindano juu. Mchana zimekauka, sindano chini. Jumamosi wateja wengi! Na jua, Masafa? Na zile tabaka za angani?"

"Niache, bwana."

"Wiki mbili tunasomeshwa tabaka, kumbe tabaka ni za taulo!"

Masafa alicheka, lakini uso ulimuwaka. Alikuwa amezibadilisha plagi, ameamka alfajiri kuisikiliza anga, amewaeleza watu wa nchi za mbali jambo la jua ambalo huenda mpaka leo wanaliamini. Na muda wote huo hakutoka nje ya geti lake kutazama waya kwa macho, kwa sababu siku ya kwanza mita ilimwambia waya uko salama, na kwa sababu nje ya geti hilo kulikuwa na mtu asiyetaka kumsalimia.

"Limekuuma kweli?" alimuuliza msusi.

"Kama siafu. Nikajua ni sabuni."

"Nisamehe, mama. Hiyo ilikuwa sauti yangu mimi."

Msusi alitazama vidole vyake, akamtazama yeye, na kona ya mdomo wake ikataka kumsaliti kwa tabasamu. Kabla haijamsaliti, geti lililia. Bibi mwenye nyumba alikuwa amefika kabla ya saa yake, kama wenye nyumba wote, na fimbo yake na mkoba wake umebanwa kwapani. Aliwakuta watu wazima watano wamezungukwa na mataulo.

"Huyo bata yuko wapi?" aliuliza. "Nimekuja kwa ajili ya bata."

Masafa akaomba dakika chache tu. Bibi alikubali, lakini akaongeza kwamba neno lake ni lile lile: bata akilia hata mara moja, waya chini, maana amechoka kuamua kesi za watu wenye akili zao. Dereva akakimbilia lorini akarudi na kamba ya kufungia turubai. Waya ukafunguliwa dirishani, mataulo yakapakatwa na mke wa Masafa na mteja mwenye kichwa nusu, aliyekuwa ametoka nje asipitwe na lolote. Dereva akapanda nguzo ya tangi, akauvuta mkono wa pili juu, mbali na nondo, mbali na spika, ukanyooka hewani. Kipande cha kamba kilichobaki wakamfungia msusi kamba ya nguo mpya, ya nailoni, isiyo na sauti ya mtu ndani yake.

Bibi akakalishwa kwenye kiti cha saluni. Spika ikafunguliwa, muziki ukajaa chumba na ua na barabara. Dereva akabaki humo kama shahidi. Masafa, mkewe na Shangazi wakarudi nyumbani, Masafa akakaa mbele ya redio, akashika kipaza sauti, akakiweka chini, akakishika tena.

"Nipe mimi," alisema Shangazi. "Wewe sasa hivi utalia bata hata bila redio."

Akampa. Sindano ililala chali, ikatulia. Shangazi akaanza kuita kwa ile sauti yake ya kuamrisha wazazi wasukume, na Masafa akatoka mbio mpaka ukutani, akabandika sikio kwenye matofali.

Muziki. Muziki tu. Lakini muziki ulikuwa mkubwa, na ukuta mnene, na moyo wake nao ulikuwa na ngoma yake. Je, lile lilikuwa tarumbeta au bata? Ukafika mwisho wimbo. Akasikia fimbo ya bibi ikigonga sakafu.

"Mimi mjukuu wangu, masikio haya yamepungua," alisema bibi. "Sikusikia kitu, lakini hata gari la taka juzi sikulisikia. Mwenye spika ni wewe. Niambie wewe. Bata yupo au hayupo?"

Masafa alifumba macho. Hakulifikiria hilo. Msusi alikuwa na mteja aliyeruka kitini, na vidole vilivyoumwa, na wiki mbili za kwaa-kwaa, na mtu aliyesimama mlangoni kwake na kandambili zisizojuana kumfundisha kazi yake. Neno moja tu, na utulivu wote ni wake. Shangazi aliendelea kuita chumbani. Mtu mmoja wa mbali akamjibu, sauti ikapenya dirishani: anamsikia vizuri sana, sana, kuliko wiki zote.

Kule kwa msusi spika ikazimwa.

"Hayupo, bibi," alisema msusi hatimaye. "Amehama."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ila nina neno." Sauti yake ikapanda, ikauelekea ukuta, kana kwamba alijua fika kuna sikio limebandikwa pale. "Draya yangu nitaiwasha saa yoyote nitakayo. Na yeye saa kumi anaongea na watu wake, mimi nitajitahidi kukausha vichwa kabla. Nimesema nitajitahidi!"

"Inatosha, mama!" Masafa aliyaambia matofali. "Inatosha kabisa!"

"Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Nani hajasikia?" alidakia mkewe kutoka jikoni.

Bibi akatoka akisema waya ubaki, na siku nyingine wakitaka kumwita wamwite kwa jambo lenye miguu. Dereva alimshika mkono kumvusha kizingiti. Walipofika getini kwa Masafa, harufu ya maharage na vitunguu ilikuwa imeshatoka nje kuwapokea. Mke wa Masafa alikuwa amesogeza meza, akapanga viti, akaongeza na ndoo mbili za kukalia. Bibi hakungoja kuambiwa. Alikaa kwenye kiti chenye mto. Shangazi alikuwa bado hewani, anamsimulia mtu wa mbali habari ya mataulo, na mtu wa mbali alisikika akicheka, akiomba arudie pale pa siafu.

Msusi alisimama nje ya geti na kitana nyweleni, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma.

"Mimi nilikuja kurudisha koleo lenu mlilosahau uani kwangu tu," alisema. "Nina mteja. Kichwa bado nusu."

"Koleo weka hapo," alisema mke wa Masafa. Alikuwa ameshika sahani mbili, moja kila mkono. "Na mteja mwite, aje na nusu yake. Ingieni jamani, ingieni, tule chakula kingali moto."